Dada Analipwa Lini? Barua ya Wazi kwa Waandishi wa Tamthilia Zetu

Ndugu waandishi na watayarishaji,

Ninayewaandikia ni mtazamaji tu. Sijawahi kukanyaga lokesheni wala kushika skripti, na cha tamthilia ninachokijua ni kile kilichopita mbele ya macho yangu tangu enzi za kikundi cha Kaole kule ITV, tulipokuwa tukijazana kwa jirani mwenye televisheni na kufukuzwa mchezo ukiisha, hadi leo ambapo usiku mmoja nahama kutoka Sinema Zetu kwenda Maisha Magic Bongo, kisha namalizia YouTube kipande nilichokikosa umeme ulipokatika. Nawafuata mpaka ng'ambo ya mpaka. Maria ya Citizen niliifuatilia tangu 2019 hadi ilipoisha 2021, na niligombana na watu kwa ajili ya Luwi. Nasema haya msije mkadhani anayewalalamikia ni mtu asiyewapenda.

Lalamiko langu ni moja, nalo linamhusu dada wa kazi.

Hakuna jumba la tamthilia lisilo naye. Geti linafunguliwa, Prado inaingia, mama mwenye nyumba anateremka na miwani yake ya jua, anarusha mkoba kwenye kochi, na dada anatokea jikoni na trei ya juisi ambayo hakuna anayeinywa. "Karibu mama." Anarudi jikoni. Halafu tunazama kwenye habari za urithi, mtoto wa nje ya ndoa, hati ya kiwanja iliyofichwa na pete ya uchumba iliyotupwa baharini. Miaka yote hii nimeona watu wakirithi mahoteli, wakitekwa, wakizikwa na kurudi wazima. Mwisho wa mwezi sijauona. Sijaona hata mara moja dada wa kazi akihesabiwa mshahara wake.

Na siyo kwamba fedha hamzijui. Kwenye kazi zenu kuna mabegi ya dola, hundi zinazochanwa mbele ya mama mkwe, zabuni za mabilioni zinazosainiwa huku mtu anaongea na simu. Inayokosekana ni elfu sitini.

Hiyo elfu sitini sikuiokota barabarani. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 hapa Tanzania iliweka Sh60,000 kwa mwezi kuwa kima cha chini cha mfanyakazi wa ndani anayeishi kwa mwajiri wa kawaida. Asiyelala kwa mwajiri aliwekewa 120,000. Anayefanya kazi kwa wanadiplomasia na wafanyabiashara wakubwa, 250,000. Sasa lile jumba lenu lenye bwawa la kuogelea na ngazi za kuzunguka, liko kundi gani? Mwandishi atakayekaa kulijibu swali hilo kwa dhati ana vipande vitatu mkononi kabla hajanywa chai. Na bado hajagusa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, inayompa mfanyakazi saa 24 za kupumzika kila wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka, na inayokataza kabisa kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Kwa wenzetu wa Nairobi kima cha mfanyakazi wa nyumbani kilipandishwa Novemba 2024 kikafika Sh16,113.75. Ukitaka kusikia kicheko kikavu, wasomee akina dada wa Kawangware hizo senti sabini na tano.

Maisha yenyewe yanakwendaje? Binti anashuka stendi ya Magufuli pale Mbezi, ametoka Iringa au Singida. Dalali anachukua chake. Nauli aliyotumiwa inageuka deni, kwa hiyo mwezi wa kwanza umekwenda. Mwezi wa pili mama anamwambia, "Nakuwekea, usije ukazichezea." Mwezi wa tatu kuna ada za watoto. Glasi ikivunjika inakatwa. Zinazobaki zinatumwa moja kwa moja kwa baba yake kijijini kwa simu, na baba anapiga kushukuru. Anamshukuru mwajiri. Binti anaitwa jikoni, anapewa simu asalimie dakika moja, mama amesimama pembeni, naye anajibu kwamba yuko salama.

Ninyi mnaokesha mkitafuta pa kukatia kipande ili tusilale, hapo hampaoni?

Badala yake mnatuletea sura zile zile. Kuna dada kichekesho, mwenye lafudhi ya Kinyaturu au Kihehe iliyotiwa chumvi mpaka ikawa si lafudhi ya mtu yeyote, anayesalimia mtu kwenye televisheni na kuweka pasi kwenye friji. Kuna aliyetumwa na mganga kutia dawa kwenye supu. Hao nawavumilia, wa kwanza wakati mwingine ananichekesha kweli, na mganga ni mganga, bila yeye nusu ya tasnia ingelala njaa. Ninayeshindwa kumvumilia ni yule mtegaji.

Mnamjua, mmemwandika wenyewe. Anadeki sebule na kanga moja. Baba amekaa na simu yake. Anainama kukamua tambara, muziki unabadilika. Kipande kinachofuata yuko chumbani kwa baba. Kinachofuata, mama amerudi safari kabla ya siku, dada anatolewa nje kwa nywele na kandambili, mtaa mzima umetoka kutazama, na sisi tuliokaa majumbani tunashangilia. Baba ameinamisha kichwa. Wiki ijayo ameshasamehewa, shetani alimpitia. Begi la dada liko nje ya geti, na hatumwoni tena mpaka tamthilia inaisha.

Tazameni mlichokigeuza. Ndani ya nyumba ile nani ana funguo za vyumba vyote? Nani anajua kwamba binti hana nauli ya kurudi kwao, hana simu, na mji wote ule anaoujua ni dukani, sokoni na kituo cha basi la shule? Binti wa miaka kumi na saba anayelala chumba kisicho na komeo hawezi kumtega mtu anayeamua kama kesho atakuwa na pa kulala. Kitendo kile kina jina lake polisi na mahakamani. Kwenye skripti mmekipa jina la mapenzi. Ubaya hauishii kwenye skrini. Siku dada wa kweli akimwambia mama wa kweli kwamba baba anagonga mlango usiku, mama huyo hadithi ameshaiona mara nyingi, na anajua mkosaji huwa ni nani.

Halafu kumbukeni anayetazama. Kwa shangazi yangu Tabata yupo binti mmoja. Tamthilia ikianza anasimama kwenye mlango wa jikoni, bega limeegemea fremu, mwiko mkononi. Kochi la watu watatu limekaliwa na mtu mmoja na mto. Akikaribishwa sana anakaa chini kwenye zulia, palepale karibu na mlango, miguu imekunjwa tayari kuinuka. Matangazo yakiingia anakimbia kupalia wali, anarudi sekunde chache kabla hayajaisha. Nadhani anaujua urefu wa matangazo kuliko wanaoyauza. Ndiye anayetusimulia ya jana sisi tuliochelewa, na akikisia ya kesho hakosei. Kilipofika kipande cha kandambili, sebule nzima ikipiga makofi, yeye alisema polepole, "Mbona huyo hawakumuuliza?" Shangazi akamwambia akaangalie jiko.

Huyo ndiye mtazamaji wenu mwaminifu kuliko wote. Haruki vipande, hana rimoti ya kuhamia kwingine. Nyumba nyingi zinazofungua televisheni saa moja na saa mbili usiku zina mtu wa namna hiyo mlangoni, na ninyi mnamwonyesha mwenzake akikokotwa kwa nywele.

Najua mtanijibu kwamba mara nyingine mnampandisha. Ni kweli, na njia mnazompa ni mbili: damu au ndoa. Ama vipimo vya hospitali vinaonyesha kuwa ni mtoto aliyepotea wa tajiri mwenyewe, ama kijana wa nyumba anampenda. Kamba hii hamkuisuka ninyi. Wakenya waliokuwa na televisheni miaka ya 1990 waliikuta KBC, kwenye ile tamthilia ya Mexico ya 1979 waliyoijua kwa jina la The Rich Also Cry: Mariana, masikini wa kutupwa, anaingia kwenye jumba la Salvatierra na kupendwa na kijana wa humo. Miaka arobaini baadaye Maria wa Citizen anatoka mtaa wa mabanda, anaingia kwenye jumba la familia ya Hausa, na Luwi yupo anamsubiri. Niliipenda, na ikirudiwa kesho nitaitazama. Ila nimeanza kujiuliza kwa nini anayepanda huwa yule mmoja mwenye uso wa steringi, na akishapanda, nani amebaki jikoni. Maana juisi bado inaletwa.

Kuna njia nyingine, ya zamani kuliko hizo zote. Mwaka 1969 televisheni ya Peru ilianza kuonyesha Simplemente María. María ni msichana wa shamba aliyekwenda mjini kufanya kazi za ndani. Anatongozwa na kijana wa kitajiri, anapata mimba, anaachwa. Mpaka hapo ni kama mmeiandika ninyi. Kuanzia hapo inakwenda kwingine. María anaingia madarasa ya jioni kujifunza kusoma, anashika cherehani, anashona, na kwa cherehani ile ile anafika mbali mpaka anakuwa mbunifu wa mavazi. Watafiti walioichunguza baadaye waliandika kwamba wafanyakazi wa ndani walianza kuwaomba mabosi wao muda wa kwenda shule za jioni, na mauzo ya cherehani za Singer yalipanda kila nchi ilikoonyeshwa. María alipofunga ndoa, na ndoa yenyewe ni ya kuigiza, maelfu ya watu walifurika nje ya kanisa Lima wakiwa wamevaa nguo zao nzuri na kubeba zawadi.

Msidhani hayo ni mambo ya mbali. Miguel Sabido, mtayarishaji wa Mexico, aliitazama Simplemente María akajiuliza kama tamthilia inaweza kupangwa makusudi ifanye kazi hiyo. Mbinu zake zikasafiri, zikatua kwetu Tanzania. Twende na Wakati, iliyoanza Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1993, ilitengenezwa kwa mbinu hizo. Wenye umri wangu hawajamsahau Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, na Tunu mkewe aliyechoka akaanza kujitegemea kwa biashara yake. Hapo mwanzo Dodoma haikurushwa mpaka 1995, ili watafiti walinganishe waliosikiliza na wasiosikiliza, na tofauti ilionekana: waliosikiliza walianza kuzungumza nyumbani kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI, na baadhi yao wakaenda kliniki. Kwa mchezo wa redio. Bila Prado hata moja.

Nasikia mnavyonong'ona: huyu anataka semina. Hapana. Semina nimezihudhuria, chakula chake kizuri na hazina lolote la kukufanya urudi baada ya mapumziko. Sitaki dada asimame katikati ya sebule atusomee vifungu vya sheria. Nataka mchezo, na mchezo upo kwenye mshahara wenyewe. Mfano mnao karibu. Papa Shirandula, Mungu amrehemu Charles Bukeko aliyemwigiza na kututoka Julai 2020, aliwachekesha Wakenya miaka mingi kwa jambo moja: mwanamume ni mlinzi wa getini na anamficha mkewe kazi hiyo. Vicheko vyote vile vilitoka kwenye kazi ya mtu, kwenye kipato chake na aibu yake. Auntie Boss! ya NTV nayo iliwachukua wafanyakazi wa ndani wa mtaa wa kitajiri, ikawafanya wahusika wakuu, ikawapa umbea wao, urafiki wao na akili ya kuwasoma mabosi kuliko mabosi wanavyojisoma. Nyce Wanjeri, aliyeigiza Shiro, alipata tuzo ya Africa Magic, AMVCA, mwaka 2018 kwa uigizaji wa vichekesho. Kwa hiyo msiniambie dada hawezi kubeba mchezo. Ameshaubeba na tuzo akachukua.

Lakini kama mngeniuliza hadithi ninayoisubiri mimi, isingekuwa ya dada peke yake. Ingekuwa ya wanawake wawili jikoni.

Tuachane kwanza na jumba. Twende Kimara, nyumba ya vyumba vitatu, geti la bati. Mama ni mwalimu wa shule ya msingi, au karani, au muuguzi wa zamu. Saa kumi na moja alfajiri ameshatoka ili foleni isimkute, mtoto wa miezi saba amebaki kwa binti aliyemzidi mwanawe mkubwa miaka minne tu. Bila binti huyo, mama hana kazi. Na kazi yenyewe, ukishatoa nauli, mkopo wa benki na michango ya harusi, inamwachia kiasi ambacho hakitoshi kumlipa mtu mwingine mshahara wa haki. Anajua hilo. Ndiyo maana mwisho wa mwezi anakuwa mkali, anatafuta kosa, anakagua sukari. Anayemdai anakaa naye nyumba moja, anambebea mtoto, anamfulia, na kila asubuhi anamwamkia shikamoo. Na baba je? Baba hajui dada analipwa shilingi ngapi. Muulizeni mwanamume yeyote mnayemfahamu. Hilo ni "mambo ya mama", yeye ameshanunua king'amuzi. Mama anamlipa mwanamke mwenzake kutoka kwenye pochi yake ndogo ili baba aendelee kukuta chakula mezani, kisha wote wawili, mama na dada, wanalaumiana kwa chumvi iliyozidi.

Humo hamna shetani hata mmoja, na mtu anaweza kulia machozi ya kweli. Mkimwandika mama huyo sawasawa, shangazi yangu atanyamaza sebuleni, na atakayenyamaza zaidi ni mumewe.

Kuna jambo linanikera zaidi nikifikiria wenzetu wa Ghuba. Dada zetu wa Tanga, Zanzibar, Dar na Mombasa wanakwenda Oman, Saudia na Emirates kufanya kazi zile zile. Ripoti ya Human Rights Watch ya 2017 kuhusu Watanzania walioko Oman na Emirates ilieleza pasipoti zinazochukuliwa na mwajiri, mishahara inayocheleweshwa au kunyimwa, siku ya kupumzika isiyokuwepo. Video zao zinazunguka WhatsApp, tunazisambaza na emoji za kulia, tunawalaani Waarabu, kisha tunageuka kumwambia binti wa Singida alete simu yake iwekwe kabatini kwa sababu inamfanya aunguze mboga. Mwandishi mmoja akiziweka nyumba hizo mbili kwenye tamthilia moja, dada mkubwa Muscat na mdogo wake Sinza, wanaopigiana simu siku ambazo mabosi wao wameruhusu, mimi nitanunua kifurushi cha mwaka mzima.

Sina mengi zaidi. Nimebakiza moja la ndani kwenu. Yule msichana mnayempa nafasi ya dada, anayeingia na trei mara nne kwa msimu na kusema "Karibu mama", ambaye jina lake kwenye orodha ya mwisho linapita haraka kama lipo. Nimekuwa nikisikia waigizaji chipukizi wakieleza kwenye mahojiano kwamba nafasi ndogo kama hizo mara nyingi hulipwa nauli, na ahadi ya kuonekana. Anaamka alfajiri awahi lokesheni, anasubiri mpaka usiku zamu yake ifike, anavaa kanga aliyotoka nayo kwao. Huyo naye mwisho wa mwezi mnamlipa shilingi ngapi?

Mtazamaji wenu wa kila siku,
Tabata, Dar es Salaam